Jina la mtoto ndani ya ua la theluji: pambo la Noeli tunaloweza kulibuni wenyewe



Hapa Lubumbashi Noeli inatukuta katikati ya mvua. Matope barabarani, maembe sokoni, na umeme unaokatika bila kuaga. Theluji hatujaiona. Lakini pita soko la Kenya mwezi wa kumi na mbili: maua ya theluji yananing'inia kila upande, ya plastiki, ya karatasi ya kung'aa, yote yametoka mbali na yote yanafanana.

Mwaka uliopita mdogo wangu anayeishi Kanada alinitumia picha kwa simu. Lilikuwa ua la theluji la mbao nyembamba, na nilipoikuza picha nikaona kwamba mikono ya lile ua ilikuwa ni herufi. Jina la Emma limeandikwa kutoka katikati kwenda nje, likarudiwa mpaka likazunguka. Chini ya picha aliandika: "Dada, nimetembea maduka mengi. Ya Emma yapo, ya Noah yapo. Majina ya watoto wetu hayapo. Ninyi hapo hamwezi kunitengenezea?"

Nilipeleka swali hilo kwenye kikundi chetu cha likelemba. Wengine walicheka. Mmoja akauliza, "Kwani ni kazi ya mikono au ya mashine?" Jibu ni kwamba ni ya vyote viwili. Kukata kunafanywa na mashine ya leza, lakini kubuni ni kazi yetu. Tumejifunza polepole, tumeharibu mbao, na leo ninawaandikia yale tuliyoyapata ili ninyi msiharibu kama sisi.

Kwa nini mikono sita?

Kabla ya kuchora ni vizuri kujua kitu chenyewe. Ua la theluji ni kipande kidogo cha barafu kinachoota juu mawinguni. Maji yanapoganda, chembe zake hujipanga katika umbo la pembe sita, na kila pembe ikipata mvuke huota mkono. Ndiyo maana mikono ni sita: si mitano, si minane. Ukiona pambo la dukani lenye mikono minane, aliyelichora hakuitazama theluji.

Mtu aliyeitazama kuliko wengi alikuwa mkulima wa Marekani, Wilson Bentley, wa kijiji cha Jericho katika jimbo la Vermont. Mama yake alikuwa amewahi kuwa mwalimu, akamfundisha nyumbani, na yeye ndiye aliyempa hadubini akiwa bado kijana. Tarehe 15 Januari 1885 Bentley alifaulu kupiga picha ya ua moja la theluji kupitia hadubini, akaendelea na kazi hiyo mpaka akapata picha zaidi ya 5000. Wamama, mkumbuke jambo hilo mnapomwona mtoto anachunguza mdudu badala ya kwenda haraka kuchota maji.

Wala tusidhani theluji ni ya Wazungu tu. Nchi yetu inayo. Kwenye milima ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, kilele cha Margherita kina mita 5109, na huko juu kuna barafu ingawa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mama mmoja wa kikundi chetu alizaliwa upande wa Beni. Anasema asubuhi ya mawingu machache walikuwa wanaona weupe ule kwa mbali, na wazee waliwaambia kwamba jina la milima ile lina maana ya mahali pa theluji. Barafu hiyo inapungua mwaka kwa mwaka kwa sababu ya joto. Kwa hiyo mtoto wa Kongo akitundika ua la theluji, hatundiki kitu cha kigeni moja kwa moja.

Anza na karatasi na makasi

Usikimbilie kompyuta. Karatasi itakufundisha kila kitu, na watoto wanaweza kufanya pamoja nawe jioni umeme ukiwa umekwenda.

Chukua karatasi nyembamba ya mraba. Ikunje pembe kwa pembe upate pembetatu. Katikati ya upande mrefu wa pembetatu ndiyo katikati ya ua. Kutoka hapo, kunja mara tatu kwa sehemu zilizo sawa, upande wa kulia juu ya katikati na upande wa kushoto juu yake. Halafu kunja kipande hicho katikati mara moja tena. Sasa unashika kipande chembamba chenye ncha, na ndani yake mna tabaka 12 za karatasi.

Andika jina kuanzia upande wa ncha kwenda nje. Miguu ya herufi ikae kwenye ukingo wa mkunjo wa mwisho. Usiandike kwa mistari myembamba kama ya bic. Chora herufi nene, kama za kwenye kibao cha duka. Kando ya mkunjo acha utepe mwembamba usiokatwa, herufi zote zisimame juu yake. Huo ndio mgongo wa ua. Kisha kata sehemu zote zisizo herufi wala mgongo, na ufungue taratibu.

Utaona jina limetokea mara 12: mara sita linasomeka sawa, na mara sita limegeuka kama kwenye kioo. Jina na kivuli chake vimeshikana mgongo kwa mgongo, na kila jozi ni mkono mmoja. Mtoto akifungua karatasi na kukuta jina lake hapo, hahitaji maelezo mengine.

Majina yana tabia zake

Hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Majina hayafanani katika kazi hii.

Neema ni jina rahisi. Herufi zake nne za mwisho zinakaa chini bila mkia, na zote zinashika mgongo vizuri. Furaha lina F na h zilizo ndefu, nazo zinatoa ncha nzuri kama za theluji yenyewe. Amani na Bahati yana i, na ile nukta ya juu itaanguka kama haikushikwa na kitu. Unganisha nukta na mguu wake kwa kijiti, au andika jina lote kwa herufi kubwa.

Majina yenye y, g, j au p yana mikia inayoshuka chini ya mstari. Chukua Kyungu na Kabange, majina ya mapacha ambayo hapa Katanga tunayajua wote. Kabange lina g moja, Kyungu lina y na g. Kwenye karatasi mikia hiyo inavuka mgongo na kugongana na kivuli chake, na jina halisomeki tena. Kwa majina hayo herufi kubwa ndizo zinazofaa: KYUNGU, KABANGE. Kila herufi inasimama juu ya mgongo kama watu kwenye msitari.

Urefu pia ni jambo la kuangalia. Jina lenye herufi sita litakatwa mara 12, maana yake herufi 72 kwa pambo moja. Lenye herufi tisa ni 108. Mashine inachukua muda zaidi, na herufi zinakuwa nyembamba na kuvunjika. Jina likiwa refu sana, chukua lile ambalo mtoto anaitwa nyumbani.

Na ncha ya katikati ni nyembamba. Kila jina lina nafasi ya digrii 30 tu, kwa hiyo karibu na katikati herufi ndefu itaingia ndani ya jirani yake. Hesabu iliyotusaidia ni hii: herufi yenye urefu wa milimita 11 isianze kabla ya milimita 20 kutoka katikati. Pale mwanzoni weka kijiti kitupu cha upana wa milimita 4, kisha jina lianze. Lakini ncha za herufi za mikono miwili zikigusana kidogo kule katikati, usiogope. Kugusana huko kunalipa ua nguvu.

Kuingiza kwenye kompyuta

Ukipenda jina ulilolikata kwenye karatasi, sasa lihamishe. Programu tuliyotumia inaitwa Inkscape. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Kijana yeyote wa nyumbani anayejua kuandika kwenye kompyuta ataelewa kwa siku moja au mbili. Hatua ni hizi:

1. Andika jina kwa herufi nene. Herufi za Lobster au Pacifico ni za bure na zinashikana zenyewe. Kwa herufi kubwa, chagua aina yoyote iliyo nene.

2. Kwenye menyu ya Chemin bonyeza Objet en chemin. Kuanzia hapo jina si maandishi tena, ni mchoro. Tenganisha kundi la herufi, kisha tumia Union ili herufi zote ziwe kitu kimoja. Angalia nukta za i.

3. Chora mgongo: utepe wa upana wa milimita 3 chini ya jina, urefu wake kutoka katikati ya ua mpaka mwisho wa jina. Herufi ziingie ndani ya utepe huo kidogo, zisiuguse tu.

4. Nakili jina, uligeuze juu chini kama kwenye kioo, uliweke upande wa pili wa mgongo. Unganisha vyote kwa Union. Mkono mmoja umekwisha.

5. Bonyeza mkono huo mara mbili mpaka uone alama ndogo ya msalaba, na uivute alama mpaka mwanzo wa mgongo. Hapo ndipo mkono utakapozungukia. Nakili na uzungushe digrii 60, kisha 120, 180, 240 na 300. Pamoja na ule wa kwanza ni mikono sita.

6. Katikati weka umbo dogo la pembe sita linaloshika mikono yote. Kwenye ncha ya mkono mmoja weka pete ya uzi, yenye tundu la milimita 3 au 4. Unganisha vyote kwa mara ya mwisho.

7. Ondoa rangi ya ndani, bakiza mstari mwembamba peke yake. Hifadhi kama SVG. Fundi akiomba DXF, mpe hiyo, lakini mwambie apime upana kwenye mashine yake kabla ya kukata, kwa sababu mara nyingine ukubwa unabadilika njiani.

Sehemu yoyote ya mchoro isiwe chini ya milimita 2 kwa upana. Leza yenyewe inakula kiasi kidogo cha mbao kila upande wa mstari, na tripleksi ikiwa nyembamba sana inavunjika kwa mkono wa mtoto.

Anayependa cha kwetu zaidi anaweza kubadilisha hatua ya tano. Zungusha digrii 90 badala ya 60 na upate mikono minne. Hapo jina la mtoto linakaa kwenye msalaba, kama ile misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama pesa. Haitakuwa theluji, lakini itakuwa ya hapa.

Kwa fundi wa leza

Leza ni mwanga uliokusanywa mahali padogo sana mpaka unachoma. Kompyuta inauongoza ufuate mstari uliouchora. Si lazima kikundi kinunue mashine. Mafundi wanaotengeneza mihuri na vibao vya ofisi mara nyingi wanatumia mashine za aina hii. Nenda na mchoro wako na mbao yako, uulize bei ya dakika.

Tripleksi ya milimita 3 inatosha. Kipande cha sentimita 40 kwa 40 kinatoa maua tisa ya upana wa sentimita 12, na nafasi kidogo inabaki kati yake. Mwombe fundi akate kwanza moja kwenye katoni. Katoni haina thamani, na makosa yote yataonekana hapo.

Mambo matatu usiyaruhusu. La kwanza, usipeleke plastiki ya PVC, hata kama ulipewa bure. Ikichomwa na leza inatoa hewa yenye klorini inayoumiza mapafu na kuharibu mashine. La pili, mashine isiachwe peke yake inapokata, kwa sababu mbao inaweza kushika moto. La tatu, mtoto mchanga asipewe pambo mdomoni. Lina ncha, na kingo zake zina masizi. Pangusa masizi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kulitundika.

Kosa letu

Sasa niwaambie aibu yetu. Oda ya kwanza ilikuwa maua tisa ya jina Bahati. Tulichora vizuri, tukakata vizuri, tukafurahi. Mama mwenye oda alipokuja alilishika moja, akalizungusha, akanyamaza. Kisha akasema, "Hili limeandikwa Bahti."

Herufi moja ilipotea wakati wa kunakili. Watu watano tulikuwa tumeutazama mchoro na hakuna aliyeona, kwa sababu jina likizungushwa na kugeuzwa, jicho linaona ua, halisomi. Kosa likikatwa mara moja, limekatwa mara 12. Mbao ile ililipwa kutoka kwenye sanduku letu.

Tangu siku hiyo tuna sheria. Mama anaandika jina la mtoto kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi. Mtu mwingine, ambaye hakuchora, analisoma jina kwenye mchoro herufi kwa herufi kwa sauti. Vikikubaliana ndipo tunakwenda kwa fundi. Jina ni kitu cha kwanza tunachompa mtoto baada ya maziwa. Lisiharibikie mikononi mwetu.

Hesabu za kikundi

Watu wanauliza kama kuna faida. Ipo ikiwa mnaandika. Kwa kila pambo andikeni vitu vinne: sehemu yake ya mbao, dakika za mashine, uzi na karatasi ya kufungia, na saa za yule aliyechora. Hicho cha nne ndicho wamama tunachosahau, halafu tunasema biashara haina faida. Mchoro wa jina ukihifadhiwa vizuri, mwaka ujao hamwanzi upya. Hayo majina ndiyo mali ya kikundi kuliko mbao. Chukueni nusu ya malipo kabla ya kukata, maana pambo lenye jina la mtu huwezi kumuuzia mwingine.

Na msingojee Noeli tu. Ua lile lile linafaa kwa ubatizo, kwa arusi, na kwa mtoto aliyemaliza masomo.

Mikono sita ya mama mmoja

Ninamaliza na oda moja ambayo haikuwa ya biashara.

Mama mmoja wa likelemba yetu aliomba ua ambalo kila mkono una jina lake, si jina moja lililorudiwa. Tulimwambia inawezekana: unachora mikono sita tofauti, unanyoosha majina mafupi ili yalingane na marefu, kisha unazungusha kila mmoja mahali pake. Tukamwomba majina. Akaandika matano, akashika bic bila kuandika.

Wote tunajua kwamba alizaa watoto sita. Wa mwisho aliondoka kwa malaria kabla hajafikisha miaka miwili.

"Nitamwacha wapi?" aliuliza.

Tulijadiliana. Mmoja alisema mkono wa sita liwekwe jina la baba. Mwingine alisema jina la aliyekufa halitundikwi penye sherehe, litaleta kilio. Mama mzee wa kikundi alisikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema, "Mwulizeni yeye. Ndiye aliyewazaa."

Aliandika jina la sita. Lilikuwa fupi kuliko yote, ikabidi tulinyooshe sana. Tulipofika kwenye pete ya uzi tukamwuliza iwe kwenye mkono gani, kwa sababu mkono wenye pete ndio unaokaa juu. Alionyesha huo huo.

Pambo hilo lilitundikwa Noeli iliyopita sebuleni kwake, juu ya meza ya chakula. Nilipokwenda kusalimia, binti yake wa nne alikuwa amesimama juu ya kiti akimsomea mgeni majina kwa kidole, moja baada ya lingine, mpaka akarudi juu. Mama yake alikuwa jikoni anageuza fufu, anasikiliza.

Wamama, mkutano ujao kila mmoja aje na karatasi ya mraba, makasi, na jina moja lililoandikwa kwa mkono wake. Tutaanzia hapo.